Plaiwudi ina upande wake, nyaraka za mpakani hazina habari

Shehena ya plaiwudi inapofika mpakani, nyaraka zake husema mengi. Zinataja idadi ya bodi, urefu, upana, unene, thamani na nchi ilikotengenezwa. Kundi lake la forodha, namba 4412, linataka kujua hata aina ya mti na kama kila tabaka lina unene usiozidi milimita 6. Kuna jambo halimo: nyuzi za mbao ya juu zimelala upande gani, na chini yake kuna matabaka mangapi.

Kwa mtu anayenunua bodi Mafinga na kuziuza Nairobi, au anayezitoa Uganda na kuzishusha Kigali, hilo si swali la wahandisi peke yao. Ndilo linaloamua kama bodi itabeba zege au itabonyea, na kama fundi atarudi kununua tena au atarudi kudai pesa zake. Hoja yangu ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilazimishe kila bodi ipigwe muhuri unaotaja mambo hayo, kwa Kiswahili, na ofisa wa mpakani awe na njia ya kuuhakiki palepale. Hadi siku hiyo ifike, mfanyabiashara ajue kupima mwenyewe.

Bati la mgongo linaeleza jambo hili vizuri kuliko kitabu. Ukilishika upande ambao migongo inaenda kwa urefu, linakaa imara hata ukilining'iniza. Ukijaribu kulikunja kwa kufuata migongo, linajikunja kama mkeka. Chuma ni kilekile na unene ni uleule, lakini nguvu inategemea upande. Hakuna fundi anayekosea kupaua kwa bati, kwa sababu migongo inaonekana kwa macho.

Mbao ina tabia hiyohiyo, ila migongo yake imejificha ndani. Nyuzi za mti zimelala kufuata shina kama mirija midogo iliyofungwa pamoja. Ukiupinda ubao kwa kuzifuata nyuzi, ukakamavu wake unaweza kuwa mara 10, hata mara 20 na zaidi, ukilinganisha na kuupinda kwa kuzikatiza. Na unyevu nao unachagua upande. Ubao wa msonobari ukikauka kabisa kutoka hali ya ubichi, urefu wake hupungua kwa asilimia 0.1 au 0.2 tu, lakini upana wake, kwa kufuata pete za mti, huweza kupungua kwa asilimia 6 hadi 8. Ndiyo maana ubao mbichi hupasuka na kupinda, na mlango uliotengenezwa wakati wa kiangazi hugoma kufungwa mvua zikianza.

Plaiwudi ilibuniwa kutuliza ugomvi huo. Gogo linazungushwa kwenye mashine na kumenywa kama mtu anayekunjua karatasi, zinatoka vinia nyembamba, kisha vinia hizo zinagundishwa moja juu ya nyingine, kila moja ikikatiza nyuzi za mwenzake. Tabaka moja likitaka kutanuka kwa upana, lililo chini yake linamkatalia, kwa kuwa upande huo ndiko nyuzi zake zilikolala. Kwa kawaida matabaka huwa ya idadi isiyogawanyika kwa mbili: 3, 5, 7, 9 na kuendelea, ili tabaka la juu na la chini zilingane na bodi isivutwe upande mmoja.

Kiwanda kikikiuka mpangilio huo, kikaweka vinia nene juu na nyembamba chini, au mti wa aina moja juu na mwingine chini, bodi itatoka kiwandani ikiwa imenyooka kabisa. Itapinda baadaye. Itasafiri kutoka nyanda za juu zenye baridi, ishuke Mombasa au Dar es Salaam kwenye hewa nzito ya pwani, na baada ya wiki chache ghalani itakuwa imejikunja kama ngozi iliyoanikwa. Wakati huo lori limeshaondoka na risiti inasema mzigo ulipokelewa ukiwa salama.

Sasa tuje kwenye suala la upande, ambalo watu wengi wanadhani plaiwudi imelimaliza. Haijalimaliza. Bodi inapopindwa, matabaka ya nje ndiyo yanayofanya karibu kazi yote, na lile la katikati karibu halifanyi kitu. Kwa hiyo bodi inaelemea upande wa nyuzi za uso wake. Chukua mti ambao ukakamavu wake kufuata nyuzi ni mara 20 ya kuzikatiza, na matabaka yote yawe na unene sawa. Hesabu inatoa hivi: bodi ya matabaka 3 ina ukakamavu mara 11 upande wa nyuzi za uso kuliko upande wa pili. Ya matabaka 5 ni mara 3 na kidogo. Ya 7 ni mara 2 na kidogo. Ya 9 inakaribia mara 2 bila kuifikia.

Soma tena namba hizo ukiwa unafikiria bodi mbili za milimita 18, moja ya matabaka 5 na nyingine ya 9. Kwenye ankara zote zimeandikwa kitu kimoja. Ukizilaza vizuri, nyuzi za uso zikienda kutoka boriti hadi boriti, ile ya matabaka 5 inaweza hata kuishinda ya 9, kwa hiyo si haki kuiita bodi mbovu. Ukiilaza vibaya, inabaki na chini ya theluthi moja ya ukakamavu wake. Fundi aliyezoea bodi za matabaka 9 amekuwa akilaza vyovyote vile bila madhara makubwa. Siku utakayomuuzia za matabaka 5 bila kumwambia, zege litabonyea kati ya boriti na boriti, na jina litakaloharibika ni lako.

Kwenye bodi za kumwagia zege tatizo ni kubwa zaidi. Zile zenye ngozi laini ya kahawia au nyeusi zimefunikwa juu na chini, na kingo zake mara nyingi zimepakwa rangi kuzuia maji. Nyuzi hazionekani. Mnunuzi anadhani zinafuata upande mrefu, na mara nyingi ni kweli, kwa kuwa bodi nyingi za milimita 1220 kwa 2440 hutengenezwa hivyo. Ila si zote. Kwa desturi ya wauzaji wa Ulaya, namba inayotajwa kwanza ndiyo upande wa nyuzi za uso: 2440 kwa 1220 ni bidhaa moja, 1220 kwa 2440 ni nyingine. Huku kwetu mpangilio wa namba hizo unategemea aliyekaa kwenye kompyuta asubuhi hiyo. Nani alifikiri kwamba kugeuza namba mbili kwenye ankara ni kubadilisha bidhaa?

Unene nao una hesabu yake. Ukakamavu wa bodi unakwenda na unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bodi iliyoandikwa milimita 18 ikapimwa ikawa 16 imepunguza unene kwa asilimia 11 tu, lakini ukakamavu umeondoka kwa asilimia 30. Muuzaji wa kiwandani anaweza kusema milimita 2 ni kitu gani. Mjibu kwamba ni karibu theluthi ya kile ulicholipia.

Ninajua wafanyabiashara wengi hupima kwa kugonga. Anapita kwenye rundo, anagonga bodi kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa kidogo, anasonga mbele. Wapo maofisa wanaowacheka kwa hilo. Hawapaswi kuwacheka, kwa sababu mkono ule unafanya kazi ileile inayofanywa na mashine za bei ghali.

Ukigonga, unatuma wimbi ndani ya bodi. Katika msonobari mkavu sauti husafiri kufuata nyuzi kwa kasi inayokaribia mita 5,000 kwa sekunde, karibu sawa na ndani ya chuma. Kukatiza nyuzi, kasi hiyo hushuka hadi kati ya mita 1,000 na 1,500. Ndani ya plaiwudi, wimbi refu halioni kila tabaka peke yake. Linaiona bodi yote kama kitu kimoja chenye upande. Mwaka 1962 mwanasayansi wa Marekani, George Backus, alionyesha jambo hili kwa hesabu akizungumzia miamba: matabaka membamba yaliyopangwa, wimbi likiwa refu kuliko unene wake, hufanya kazi kama mwamba mmoja ambao sauti inapita haraka kwa kufuata matabaka na polepole kwa kuyakatiza. Wanaotafuta mafuta, wakiwemo waliotuma mawimbi chini ya ardhi ya Ziwa Albert na Turkana, hawawezi kulipuuza hilo, la sivyo watachora tabaka mahali ambapo halipo. Mwamba na plaiwudi vina kanuni moja. Tofauti ni kwamba plaiwudi unaweza kuibeba kichwani.

Pale ambapo gundi imeachia, kuna hewa kati ya tabaka na tabaka. Wimbi likifika kwenye hewa hiyo karibu lote hurudi nyuma, halivuki. Ndiyo maana sehemu hiyo ukiigonga inatoa sauti ya debe bovu, wakati bodi nzima inatoa mlio mmoja ulioshikana. Viwanda vikubwa hutumia kanuni hiyohiyo kwa sauti ya juu mno isiyosikika na sikio: bodi inapita kati ya kitumaji na kipokeaji, na mahali ambapo kipokeaji hakisikii kitu ndipo gundi haikushika. Vipo pia vifaa vya kushika mkononi ambavyo hupima muda wa wimbi kutoka ncha moja ya ubao hadi nyingine, na vinatumika kupanga madaraja ya mbao kwa ukakamavu. Kwenye bodi ya mita 2.44 jibu linapatikana chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Linganisha na kukata kipande, kukituma maabara mji mkuu, na lori kulala mpakani likisubiri.

Kifaa kimoja hakitoshi kujibu kila kitu, na hapa nataka kuwa mwangalifu. Wimbi linalopita ndani ya bodi kwa urefu linatoa wastani wa matabaka yote, kwa hiyo tofauti kati ya upande mmoja na mwingine inaonekana ndogo kuliko ile ya kupinda. Kwa bodi ya matabaka 9 ni kama asilimia 11 tu. Unyevu pia unapunguza kasi, kwa hiyo bodi iliyonyeshewa njiani inaweza kuonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kipimo cha wimbi kiende pamoja na kipimo cha unyevu, kipimo cha unene na macho ya mtu anayehesabu matabaka kwenye ukingo uliokwaruzwa rangi. Vyote vinne vinaingia kwenye mkoba mmoja.

Kuna jaribio la kupinda ambalo halihitaji hata umeme. Kata vipande viwili kutoka bodi moja ya milimita 18, upana sentimita 10, urefu mita 1.1, kimoja kwa kufuata urefu wa bodi na kingine kwa kufuata upana. Kiweke kila kimoja juu ya matofali mawili yaliyoachana mita 1, tundika katikati ndoo yenye lita 10 za maji, pima kimeshuka kiasi gani. Kinachoshuka kidogo ndicho kilichofuata nyuzi za uso. Kama kingine kimeshuka mara 2 hivi, una bodi ya matabaka mengi. Kama kimeshuka mara 3 au zaidi, una bodi ya matabaka machache na mnunuzi wako lazima aambiwe. Vipande hivyohivyo vikishapimwa, vitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Gundi ya ndani ya nyumba, ile ya yurea, itaachia. Gundi ya fenoli, inayostahimili maji, itashika. Rangi nyeusi ya mstari wa gundi ni dalili tu, kwa sababu rangi inaweza kuongezwa. Sufuria haidanganywi.

Wauzaji wa parachichi na nyanya wasifikiri makala hii haiwahusu, maana boksi la karatasi ngumu ni tabaka la mawimbi lililobanwa kati ya karatasi mbili. Mirija yake ikisimama wima, boksi linabeba wenzake juu. Likilazwa ubavu, mirija imelala na nguvu imepotea. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito hubebwa na pembe nne, kupanga maboksi kwa kupishana kama matofali ya ukuta kunaweza kupoteza hata karibu nusu ya uwezo wa rundo, ingawa rundo linaonekana limetulia zaidi. Pembe juu ya pembe, kisha funga kwa kamba. Usiku mmoja wa ukungu wa mpakani unatosha kulegeza karatasi, na tabaka la chini ndilo linalolipa.

Nirudi kwenye mpaka. Jumuiya ina sheria ya viwango, upimaji na ubora ya mwaka 2006, na roho yake ni kwamba alama ya ubora iliyotolewa na shirika la viwango la nchi mwanachama itambuliwe na nchi nyingine bila bidhaa kupimwa upya. Ina vituo vya pamoja vya mpakani, Namanga, Busia, Malaba, Rusumo na kwingineko, ambako maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Na mwaka 2021 wakuu wa nchi waliagiza Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha za Jumuiya. Kwa hiyo siombi taasisi mpya. Ninaomba mistari minne kwenye ukingo au mgongo wa kila bodi: idadi ya matabaka, mshale wa nyuzi za uso, aina ya gundi, na unene uliopimwa. Mshale hauhitaji hata kujua kusoma.

Biashara hii imekua. Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mafundi wake walizidi kutegemea mbao za majirani, na viwanda vinavyolishwa na misitu ya Mufindi vikawa na wateja kaskazini. Bidhaa ikishakuwa ya kanda, kasoro yake nayo inakuwa ya kanda, lakini hasara bado inabebwa na mtu mmoja. Mjenzi anazuia malipo. Kiwanda kiko nchi nyingine na kinasema bodi ziliharibikia njiani. Katikati yuko mama aliyekopa kwenye kikundi chake ili alipe lori, na kumfikisha mwenye kiwanda mbele ya hakimu wa nchi nyingine kungemgharimu kuliko bodi zenyewe.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara, na ambalo nakubali lina uzito, ni kwamba kila kipimo kipya mpakani kinageuka kuwa kisingizio kipya cha kudai chai. Ofisa anabonyeza kifaa, anatikisa kichwa, anasema mzigo una tatizo, anasubiri. Wafanyabiashara wamechoka na hilo, na wana haki ya kuchoka. Ndiyo sababu napendelea vipimo ambavyo mwenye mzigo anaweza kuvirudia mwenyewe mbele ya ofisa. Namba ya kifaa ionekane kwa pande zote mbili. Bodi ichaguliwe kwa kura kutoka kwenye rundo, si kwa jicho la ofisa. Kukiwa na ubishi, ndoo na matofali viamue, hadharani. Kipimo ambacho ni ofisa peke yake anayekielewa, mimi mwenyewe ningekipinga.

Pia muhuri uwe mzigo wa kiwanda, si wa mchuuzi. Anayevusha bodi 40 kwa fuso asitakiwe kuwa na cheti cha maabara wakati kiwanda kilichozitengeneza kinajua tangu siku ya kwanza kiliweka matabaka mangapi. Vilevile anayetumia cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, pale ambapo bidhaa yake imo kwenye orodha, asiongezewe karatasi nyingine. Mshale uliopigwa kiwandani ndiyo karatasi yake.

Wapo watakaosema soko litajirekebisha, kwamba kiwanda kibovu kitakosa wateja. Lingejirekebisha kama bodi zingekuwa na majina. Zikishachanganywa kwenye lori moja, bila alama, zikashushwa kwenye maghala matatu ya miji mitatu, hakuna anayejua ipi ilitoka wapi, na kiwanda kizuri kinalipwa bei ileile ya kiwanda kibovu.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vinaweza kuanza bila kusubiri mawaziri. Mkataba wa ununuzi uandikwe mambo manne yaleyale, na ankara itaje upande wa nyuzi kwa maneno badala ya kutegemea mpangilio wa namba. Chama kinunue kifaa kimoja cha kupimia wimbi na kimoja cha unyevu, kikae ofisini Namanga au Busia, mwanachama akiazima anasaini kwenye daftari. Na kwenye daftari hilohilo ziandikwe namba za kila shehena iliyopimwa: kiwanda, unene, matabaka, kasi ya wimbi kwa urefu na kwa upana. Baada ya msimu mmoja wa ujenzi chama kitakuwa na ushahidi ambao leo hakuna shirika la viwango litakalokupa ukiliomba kaunta, na kikao cha bei na viwanda kitakuwa na meza ya namna nyingine kabisa.